Meza ya Dirishani

Watu wa mtaani walimwita Mama Mapazia, na jina hilo hakulichukia kwa sababu alikuwa amelifanyia kazi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameshona mapazia ya shule, ya zahanati, ya sebule za maharusi wapya na ya kumbi za mikutano. Mkono wake ulijulikana: upindo ulionyooka kama uliopigwa rula, mikunjo iliyoanguka sawasawa bila kubembelezwa. Alikuwa mjane, mrefu, mwembamba, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha baadhi ya watu. Hakuweza kukisifu kitambaa kibovu hata kama mwenyewe amesimama mbele yake akitabasamu, wala hakuweza kukiponda kizuri kwa sababu tu mwenyewe ni mtu wa karaha.

Kazi kubwa kuliko zote aliipata mwanzoni mwa mwaka, ulipofunguliwa mkahawa wa Kihindi kwenye jengo jipya karibu na benki. Haukuwa mkahawa wa kuingia na ndala. Mlango ulikuwa wa shaba iliyonakshiwa, sakafu ya marumaru, na taa zilining'inia darini kama vichala vya zabibu. Mama Mapazia aliushonea mapazia ya mahameli ya zambarau, madirisha saba, kila moja urefu wa watu wawili. Kuyatundika tu kulimchukua siku tatu.

Siku hizo tatu alishinda juu ya ngazi, kulabu zikiwa mdomoni, na kutoka jikoni harufu zikimpandia moja baada ya nyingine. Zilianza za vitunguu vikikaangwa polepole, zikaja za iliki, kisha dali nyeusi iliyokuwa motoni tangu alfajiri, kisha mkate ukitoka kwenye tanuri. Saa ya kula ilipofika alishuka, akaenda kukaa kwenye vidato vya mlango wa nyuma karibu na mapipa, akala mkate wake mkavu kwa chai ya chupa. Hakuna aliyemkaribisha hata kijiko. Si kwamba walimnyima. Hawakumwona tu.

Alipomaliza, alisimama katikati ya ukumbi mtupu akiutazama. Pazia la dirisha la nne ndilo lililotoka vizuri kuliko yote, na chini yake palikuwa na meza iliyotazama bustani yenye maji ya kuruka. Akajiambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepanga kwenda sokoni, "Nitarudi hapa. Na nikirudi sipandi ngazi. Navuta kiti."

Ilimchukua miezi mitano. Binti yake, fundi wa maabara katika hospitali kubwa, ndiye aliyepiga simu kuweka nafasi: Jumamosi saa saba mchana, watu watatu, meza ya katikati dirishani. Msichana wa upande wa pili akarudia kila kitu, akaandika, akasema wanakaribishwa sana. Mtu wa tatu alikuwa wifi wa Mama Mapazia, dada wa marehemu mumewe, karani mstaafu wa mahakama. Huyo alikuwa mfupi, mnene, mwepesi wa ulimi, na miaka thelathini ya kuandika mashtaka ya watu ilimwachia mazoea ya kuiendesha dunia nzima kama kesi.

"Mimi naja kama shahidi," alisema alipoalikwa. "Lakini nawaambia mapema, mahali penye taa nyingi chakula huwa kidogo."

Jumamosi hiyo Mama Mapazia alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe na viatu vilivyombana kidogo. Walipoufikia mlango wa shaba, meneja alikuwa amesimama hapo hapo kwenye kimeza chake chenye daftari. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, suti imemkaa kama ngozi, nywele zinang'aa. Alimtambua Mama Mapazia mara moja, na kumtambua huko ndiko kulikoleta balaa.

"Mama, mbona leo?" alisema akipunguza sauti. "Mapazia ya ukumbi wa juu si tulisema tutazungumza wiki ijayo? Halafu mafundi wanapita mlango wa nyuma, unajua hilo."

"Hata salamu hamna siku hizi?" wifi aliuliza, akimtazama kuanzia viatu kwenda juu.

Mama Mapazia alimgusa wifi yake mkono. "Sikuja kazini, baba," alimwambia meneja. "Nimekuja kula. Tuna nafasi, saa saba, watu watatu."

Meneja akafungua daftari, akapitisha kidole, na kidole kikasimama. Jina lilikuwepo. Aliwatazama tena wote watatu, gauni la kijani, kilemba cha wifi, begi la kitambaa la binti, kama mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuuagiza. Kisha akatoa tabasamu la kazini.

"Karibuni. Nifuateni."

Aliwapitisha meza ya kwanza ya dirishani, ya pili, ya tatu, na ya nne iliyokuwa tupu kabisa, glasi zake zikimetameta, akaenda nao mpaka mwisho wa ukumbi, penye meza iliyosukumwa ukutani kando ya mlango wa jikoni. Mlango wenyewe ulikuwa wa kusukuma kwa bega, na kila mhudumu alipotoka na sinia ulifunguka hatua moja tu kutoka kwenye kiti cha mwisho. Ukutani hapo palikuwa na kizima moto na kalenda.

"Hapa ni pazuri, pametulia," meneja alisema, na mlango ukafunguka kwa kishindo nyuma ya maneno yake.

"Tuliomba dirishani," binti alisema.

"Meza za dirishani zimeshikwa, dada."

"Ya nne je?"

"Hiyo pia imeshikwa."

"Imeshikwa na mimi," alisema Mama Mapazia.

Alikuwa mtu wa kupiga hodi, kungojea, kupokea kazi kwa mikono miwili. Lakini alipokitazama kile kizima moto, alihisi kitu kikijikaza ndani yake kama uzi unaovutwa mpaka mwisho. Hakugombana. Aligeuka tu, akarudi akipita katikati ya meza zote, taratibu, viatu vikimbana, mpaka chini ya dirisha la nne. Akavuta kiti. Akakaa. Akakunjua kitambaa cha kufutia mikono, akakiweka mapajani.

Wifi alimfuata kwa mwendo wa hakimu anayeingia mahakamani. Binti akaja nyuma, masikio yanamwaka kwa aibu na kwa fahari pamoja.

Meneja alisimama pale ukutani kwa muda. Watu wawili watatu walikuwa wameinua vichwa kutazama. Aliamua kulimeza jambo hilo, akatuma mhudumu.

Mhudumu alikuwa msichana mpole mwenye macho ya kuchoka. Aliwapa orodha za vyakula, nzito kama vitabu vya sala, akawaeleza kila walichouliza bila kuwaharakisha. Wakaagiza dali nyeusi, kondoo wa mchuzi wa viungo vizima, jibini ya kuchoma, biringanya za kupondwa, wali wa zafarani na mikate ya tanuri. Baada ya hapo wakaanza kungoja.

Kungoja huko kulimpa Mama Mapazia nafasi ya kuwaangalia wenzake. Meza ya kulia walikaa wazee wawili, mume na mke, wamevaa rasmi. Mume alikuwa akitazama saa yake kila baada ya dakika. "Saa nzima na robo," alimwambia mkewe kwa sauti iliyokusudiwa kusikika. "Mkate tu. Saa nzima na robo tunaletewa mkate tu." Mkewe akamjibu kwamba mkate wenyewe mtamu, na kama hautaki amwachie. Meza ya kushoto alikaa bwana mmoja peke yake, mnene, miwani imeshuka puani, na kila alipotia tonge mdomoni alifumba macho. Mbele kidogo kulikuwa na wasichana sita wakisherehekea jambo fulani. Mmoja wao alikuwa amerudisha sahani yake mara mbili kwa sababu ya pilipili, na mwenzake aliyekaa naye bega kwa bega aliapa kwamba hajawahi kula kitu kitamu namna ile. Ukumbi mmoja, jiko moja, na kila meza na habari yake.

"Hapa ushahidi unagongana," wifi alisema akijifuta mdomo ambao haukuwa umekula chochote.

Chakula kikaja.

Mama Mapazia alianza na dali. Aliichota kwa kipande cha mkate, akaitia mdomoni. Ilikuwa nzito, laini, na ya moto. Mwanzo ulikuwa wa siagi, katikati moshi, na mwishoni kabisa kulikuwa na uchachu mdogo uliomfanya atake kuanza upya. Aliona wazi kwamba mtu fulani kule jikoni amekesha na ile sufuria kama mtu anayemuuguza mgonjwa. Aliionja tena. Akajikuta machozi yanamlengalenga, akaona aibu, akanywa maji.

"Vipi?" wifi aliuliza kwa shauku ya mtu anayesubiri habari mbaya.

"Kizuri."

"Kizuri kiasi gani?"

"Wifi, onja."

Wifi akaonja dali, akaonja kondoo, akaonja biringanya. Uso wake ukapita hatua kadhaa. Mwishowe akaweka kijiko chini kwa kinyongo. "Hawa watu wana bahati," alisema. "Nilikuwa nimeshaandaa hukumu."

Walikula. Walicheka. Binti akasimulia jinsi bosi wake wa maabara alivyoweka chai kwenye friji ya vipimo. Kwa nusu saa hivi Mama Mapazia alikuwa mteja kama wateja wengine, tena mwenye furaha. Ndipo meneja akarudi.

Hakuja peke yake. Hatua tano nyuma yake, karibu na mlango, alisimama bwana mkubwa wa makamo na mkewe. Huyo alikuwa mwenye kiwanda cha saruji ambaye picha yake ilibandikwa kwenye kila mfuko wa saruji mjini.

"Samahani sana," meneja alisema akiinama juu ya meza. "Kuna mgeni wetu maalumu, hii ndiyo meza anayoipenda. Nitawahamishia vyakula vyenu kule ndani, mmalizie kwa raha. Na kitamu cha mwisho kitakuwa zawadi kutoka kwetu."

"Kule kwenye kizima moto?" binti aliuliza.

"Hatujamaliza kula," Mama Mapazia alisema. "Tukimaliza, meza itakuwa yake."

Meneja akainama zaidi, mpaka manukato yake yakaifunika harufu ya chakula. Akanong'ona: "Mama, tuelewane. Ile kazi ya ukumbi wa juu, mimi ndiye ninayepeleka jina la fundi. Usijiharibie kwa sababu ya kiti."

Ilikuwa kazi ya miezi miwili, madirisha kumi na mbili, na Mama Mapazia alikuwa ameshaichora kwenye daftari lake mpaka rangi ya bitana ya ndani. Akaitazama dali iliyobaki kwenye bakuli, mkate ulionyofolewa nusu, binti yake aliyekuwa ameshika uma bila kuuinua. Na akaona kwamba akiinuka sasa, hatainuka kwenye kiti kile tu. Maisha yake yaliyobaki atakuwa anahamishwahamishwa, na yeye mwenyewe atakuwa amesaidia kubeba sahani.

"Umesema nini?" aliuliza kwa sauti kamili. "Rudia kwa nguvu, baba. Wifi yangu hasikii vizuri."

Wifi, ambaye alikuwa na uwezo wa kumsikia panya akitembea kwenye nyumba ya jirani, akaweka mkono nyuma ya sikio. "Ee, rudia. Iingie kwenye kumbukumbu."

Meneja akajiinua. "Nilikuwa naomba tu…"

"Hukuomba. Umeniambia nikikataa kuhama, nitakosa kazi ya mapazia ya juu." Sauti yake haikupanda, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza kiasi cha kusikia maji yakiruka bustanini. "Basi nikose. Mapazia haya unayoyaona nimeyashona mimi, yote saba, na nililipwa, tukamalizana. Leo sikuja hapa kuomba kazi. Nimekuja kula, nimeweka nafasi, na chakula changu hakijaisha. Hapa siondoki mpaka niondoke mwenyewe."

"Kaa hapo hapo, mama!" alisema mzee wa meza ya kulia, akapiga meza kwa kiganja. "Kaa! Na mimi nangoja kuku wangu tangu saa sita!"

Mkewe akamwambia anyamaze, lakini naye alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Yule bwana wa peke yake akafumbua macho, akamtazama meneja juu ya miwani, akasema polepole, "Chakula cha hapa kinastahili mlango bora kuliko wewe." Wasichana sita walikuwa wamegeuka wote na viti vyao.

Kilichofuata hakuna aliyekitegemea. Mwenye kiwanda cha saruji akasogea mbele, amekereka, lakini si kwa Mama Mapazia. "Wewe kijana, nani kakuambia uwainue watu?" alisema. "Mimi nina njaa. Dirisha nitalifanyia nini?" Akamshika mkewe mkono, akaenda mwenyewe mpaka kwenye meza ya ukutani, akakaa chini ya kalenda. Mlango wa jikoni ukafunguka, ukamgonga kiti. Akasogeza kiti, akaagiza.

Mama Mapazia alimaliza kula. Hakuharakisha, ingawa ukweli ni kwamba matonge ya mwisho hakuyasikia ladha yake. Msichana mhudumu alipoleta vitamu, alinong'ona kwamba vyote vya leo ni bure, meneja ameagiza. Mama Mapazia akakataa. Alilipa kila kitu, kitamu na chai pamoja. "Mwambie mpishi dali yake nitaikumbuka," alisema. "Umwambie yeye mwenyewe, si mtu mwingine."

Nyumbani, jioni ile ile, mambo yakahamia kwenye simu ya binti. Kulikuwa na mahali mtandaoni ambapo watu huandika maoni kuhusu mikahawa na kuipa nyota, na binti alikuwa amekaa kitandani tayari, vidole vinamwasha.

"Nyota moja," alisema. "Hata hiyo moja naitoa kwa shingo upande."

"Useme na chakula kilikuwa kibovu," wifi alishauri kutoka kwenye kochi. "Useme kondoo alikuwa mgumu. Hiyo ndiyo itawauma."

"Kondoo hakuwa mgumu," Mama Mapazia alisema.

"Najua hakuwa mgumu! Mimi ndiye niliyelamba sahani. Lakini ukiwasifu, nani ataamini kwamba wametukosea?"

"Mimi siandiki uongo kwa ajili ya mtu aliyenikosea. Atakuwa amenikosea mara mbili." Akamgeukia binti. "Andika ninavyosema, usiongeze wala usipunguze."

Aliyosema ni haya, na binti akayaandika neno kwa neno:

"Chakula cha mkahawa huu ni kizuri kuliko chakula chochote nilichokula nje ya nyumba yangu. Dali nyeusi ni kazi ya mtu mwenye subira na anayejua anachofanya. Mhudumu wetu alikuwa na adabu. Meneja wa mlangoni alinipokea kama fundi aliyepotea njia, akatupeleka kwenye meza mbaya wakati meza yetu iko tupu, kisha akataka kutuhamisha katikati ya chakula kwa ajili ya mtu mwenye pesa, na akanitisha kwamba nitakosa kazi. Nendeni mkale. Mkifika mlangoni, msikubali kusukumwa. Jikoni nawapa nyota tano, mlangoni moja. Kwa wote pamoja, tatu."

Chini yake akaweka jina analojulikana nalo: Mama Mapazia.

Ndani ya siku nne yale maneno yalisomwa na watu ambao hakuwahi kuwaota. Wengine waliandika chini yake kwamba na wao waliwekwa kwenye ile meza ya mlango wa jikoni. Wengine wakasema wao walipokelewa kama wafalme na wanawashangaa wanaolalamika. Mtu mmoja akadai wali una zafarani ya bandia, mwingine akamjibu kwamba ulimi wake ndio wa bandia. Yule mzee wa kuku, bila shaka ni yeye, aliandika aya tatu kuhusu muda.

Siku ya tano gari likasimama mbele ya karakana yake ya ushonaji. Akashuka mwanamke wa makamo, mvi zimefungwa fundo nyuma, miwani ya kusomea kifuani. Alikuwa mwenye mkahawa. Mama Mapazia alikuwa amewahi kumwona mara moja tu, kwa mbali. Akasimamisha cherehani, akamfutia kiti mavumbi ya vitambaa, akamkaribisha.

"Ile dali," mgeni alianza baada ya salamu, "ni ya bibi yangu. Ulivyoiandika, nililia. Mpishi ameyachapa maneno yako, ameyabandika juu ya jiko."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Sasa nina ombi. Ile sehemu ya kwanza iache. Ya meneja, ifute. Nimeshazungumza naye, nimemkaripia, yamekwisha. Lakini yale maneno yanabaki pale kila siku, na watu wanasoma. Ukiyafuta, kazi ya ukumbi wa juu ni yako. Leo leo. Nimekuja na vipimo." Akaweka bahasha juu ya meza ya kukatia.

Mama Mapazia aliitazama ile bahasha. Alijua ndani yake kuna madirisha kumi na mbili. Alijua pia kwamba cherehani yake kubwa ilikuwa inagoma kila wiki na ilihitaji kubadilishwa. Wala mwanamke huyu hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu. Kumkatalia meneja kulikuwa rahisi, hasira ilisaidia. Hapa hapakuwa na hasira ya kuegemea.

"Mama," alisema mwishowe, "ukinishonesha pazia, nikakuta kitambaa kina tundu, ungetaka nikwambie?"

"Ningetaka."

"Na nikikwambia, ungetaka nifute?"

"Si kitu kimoja. Hilo ungeniambia mimi. Hili umewaambia watu wote."

"Kwa sababu aliyenitisha alinitisha mimi, lakini mlango anaousimamia ni wa watu wote." Akaisukuma bahasha taratibu mpaka upande wa pili wa meza. "Nikifuta nusu, ile nusu iliyobaki itakuwa imenunuliwa. Hata sifa ya bibi yako itanuka. Mtu ataisoma aseme, huyu alilipwa mapazia. Sifuti kitu. Si cha kwako kizuri, si cha kwako kibaya."

Mwenye mkahawa alisimama. Mdomo ulikuwa umembana. "Unaniharibia biashara kwa sababu ya kijana mmoja mjinga."

"Huyo kijana umemweka wewe."

"Nilidhani tutaelewana."

"Tumeelewana, mama. Tumeelewana vizuri sana. Ila hatukukubaliana."

Gari likaondoka. Mama Mapazia akarudi kwenye cherehani, akatia uzi, ukamkataa mara tatu ndipo ukaingia. Jioni habari zikamfikia wifi. "Madirisha kumi na mbili," alisema. Kisha akasema, "Ungeyafuta, ningekuchukia kidogo." Wakacheka, lakini si sana.

Kazi ya ukumbi wa juu alipewa fundi mwingine. Alishona mapazia ya kahawia ambayo, Mama Mapazia alisikia, yalikuwa mafupi kwa vidole viwili. Hakufurahia. Mapazia mafupi ni mapazia mafupi, yawe ya nani. Miezi iliyofuata ilikuwa ya kubana, na alishona sare za shule mpaka akaota vifungo. Baadaye zikaja kazi mbili kutoka kwa watu waliosoma maneno yake, mmoja wao yule bwana wa miwani, ambaye kumbe alikuwa daktari wa meno na alitaka pazia la chumba cha kusubiria. Hazikufikia madirisha kumi na mbili. Lakini zilikuja kwa njia ya mbele.

Mwaka ulipokaribia kuisha, alimwambia binti apige simu tena. Jumamosi, saa saba, watu watatu.

"Una uhakika?" binti aliuliza. "Huyo huyo meneja bado yupo."

"Kwani mimi nakwenda kumla meneja?"

Alikuwepo kweli, suti ile ile. Alipowaona, uso wake ulibadilika mara mbili. Kisha akatoka nyuma ya kimeza chake. "Shikamoo, mama," alisema, na neno lilitoka kama jino linalong'olewa, lakini lilitoka. Akawapeleka moja kwa moja walikoomba. Ile meza ya mlango wa jikoni haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na kabati la sahani.

Safari hii Mama Mapazia aliagiza samaki wa kuchoma, ambaye hakuwahi kumwonja hapo. Akaletwa ananukia vizuri, ana rangi nzuri, ndimu pembeni. Alimega kipande, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Ameharibika?" wifi aliuliza, macho yamewaka.

"Ana chumvi nyingi."

Binti akashusha sauti. "Mama, jamani. Leo wametupokea vizuri. Kula tu."

Mama Mapazia akafikiri juu ya hilo kwa haki. Akamega kipande kingine ili asimwonee mtu. Chumvi ilikuwa pale pale. Akainua mkono, na aliyekuja, kwa kuwa wahudumu wote walikuwa wameshikwa na kazi, ni meneja mwenyewe.

"Samaki huyu ana chumvi nyingi," alimwambia. "Wali ni mzuri. Mchuzi ni mzuri. Samaki, hapana."

Meneja aliitazama ile sahani, akamtazama yeye. Kisha akaichukua kwa mikono miwili, akaenda nayo jikoni. Baada ya robo saa akarudi na samaki mwingine, akamweka mezani, na hakuondoka. Alisimama pale na kitambaa mkononi, akingoja.

Mama Mapazia akamega, akatafuna bila haraka.

"Huyu," alisema, "ndiye."